Diski ya Baba Yenu Imegawika Salama

Wanangu,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa. Kompyuta ya marehemu baba yenu ~~asiiguse mtu~~ iwasheni tu, haina neno.

Wewe kifunguamimba ulisema, "Mama, ukiigusa hiyo diski utafuta picha zote. Itupe." Yaliniuma. Basi leo alfajiri nilinakili picha zote kwenye flashi, nikazifungua moja moja kuhakikisha. Ndipo nikaigawa diski ili kompyuta iwe na mifumo miwili ya kuiendesha: Windows ikabaki na nusu yake, Linux ikapata nusu ya pili. Nikabonyeza "Endelea".

Imewaka! Picha zote zipo, hata ile ya baba yenu akicheka huku amejipaka povu la kunyolea.

Mama yenu, fundi kompyuta tangu saa moja asubuhi