Rafu za Wakaguzi

Kaka Kaloki,

Mama anakusalimu. Mbaazi zake zimechanua vizuri mwaka huu.

Vile vitabu vya uuguzi ulivyoazima ili wakaguzi wavione kwenye maktaba yangu hapa chuoni vilirudishwa jioni ile ile. Uliniapia kwamba vyetu vingefika kabla ya kozi mpya uliyoiombea kibali kuanza, ndiyo maana nikatia sahihi kuwa tunavyo. Kozi imeanza, nawe umehamia chuo kingine Nairobi, na simu zangu hupokei.

Jana Winfred, binti yangu uliyemshawishi ajiunge na kozi hiyo, alikuja kuomba kitabu cha ukunga. Nikamwonyesha rafu tupu.

"Lakini Mama, mjomba alisema wewe ndio ulihakikisha viko."

Nimemwambia akupigie. Nitaona kama na yeye utamnyamazia.

Ni mimi dadako,
Mukai