Mashine ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Basi, imetangazwa. Hospitali inahama! Si majengo — kompyuta. Mkurugenzi kasimama mbele ya wakuu wa idara, kasema ifikapo Juni seva zote za chumba cha chini ziwe zimezimwa, kila kitu kikae kwenye wingu. Yaani kwenye kompyuta za watu wengine, huko mbali. Kupanga ni kazi yangu. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kama mjinga! Nyumbani mwanangu wa miaka sita kauliza ngazi ya kupandia wingu ataishika nani. Swali zuri kuliko yote ya kikaoni.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya kuhesabu. Nimeingia chumba cha seva na daftari na sweta — kule ndani baridi ya kugonganisha meno. Nataka kujua mashine gani, inafanya nini, inamtumikia nani. Maabara, famasi, eksirei, barua pepe... Kumi zimekaa sawa. Ya kumi na moja iko sakafuni nyuma ya kabati. Haina jina, vumbi tele, feni inakoroma kama baba mkwe wangu akishashiba. Nikamuuliza Babu Waya, fundi aliyezitandaza nyaya za chumba kile kwa mikono yake. Anastaafu mwaka huu. Hata hakugeuka. "Hiyo iache, mwanangu." Kwa nini? "Iache tu." Huyo, akaenda zake.

Ijumaa, 7 Machi
Mshauri aliyeajiriwa kutuhamisha kaja. Viatu vinang'aa, nimejiona uso. Anasema kitu kisicho na mwenyewe hakihamishwi: kizime, usikilize nani atapiga kelele. Asipotokea mtu, tupa. Nimependa! Na Babu Waya kaanza likizo leo, wa kuninunia hayupo.

Jumanne, 11 Machi
Jana nilituma ujumbe idara zote: nani ana mashine sakafuni? Kimya. Leo saa nne asubuhi nimeizima. Feni ikashusha pumzi, ikanyamaza. Nikakaa karibu na simu. Saa sita, hakuna. Saa tisa, hakuna. Nikaipiga mstari mwekundu kwenye orodha, nikajinunulia soda baridi. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii!

Alhamisi, 13 Machi
Sikai wala sisimami. Asubuhi kashuka sista wa kliniki ya kifua kikuu. Mama mpole yule, lakini leo hakugonga mlango. Karatasi yake iko wapi? Karatasi gani? Ile inayotoka yenyewe kwenye printa yake kila asubuhi, majina ya wagonjwa ambao jana hawakuja kunywa dawa. Akishaipata, anawapigia simu mmoja mmoja. Siku mbili sasa haijatoka. Mwanzoni alifurahi — alidhani wamekuja wote!

Nikamuuliza mbona hakujibu ujumbe wangu.

"Dada, mimi naijua printa. Mashine ya sakafuni naijulia wapi?"

Nikakimbia, nikawasha. Tak, tak, tak, diski inagonga. Skrini nyeusi. Nikazima, nikawasha tena. Tak, tak, tak. Nakala ya akiba? Sikuchukua! Mimi, ninayewafokea watu kila siku kuhusu nakala.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda kwa Babu Waya. Nimemkuta anapunguza ua wa nyumba yake, mkasi mkononi. Njia nzima nilikuwa nakariri maneno, nimefika nikasema tu: "Mzee, nimeizima."

Hakufoka. Bora angefoka. Akanikalisha kibarazani. Miaka tisa iliyopita mdogo wake alikuwa mgonjwa wa kliniki hiyohiyo. Aliacha dawa, na hakuna aliyejua mpaka siku alipoletwa kwa machela. Baada ya mazishi, Babu Waya akaokota kompyuta iliyotupwa, akaitengenezea programu: isome rejista ya dawa, itoe majina. Ruhusa hakuomba.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema ni yangu, mngesema ni takataka ya mzee. Nikaona bora isijulikane ni ya nani."

Ningesema hivyohivyo.

Jumamosi, 15 Machi
Chumba cha seva. Babu Waya kakatiza likizo, kaja na bisibisi na sweta ya mkewe — ya maua! Katoa diski, kaichomeka kwenye kompyuta yangu. Nakala inajivuta. Asilimia arobaini... ikagoma... arobaini na moja. Haniruhusu hata kupiga chafya. Sista kahamia mezani kwangu na kadi za wagonjwa, anapekua moja baada ya nyingine. Kumi na tisa wamekosa dawa tangu Jumanne. Kumi na wanne kawapata. Mmoja kamjia juu kwa kumkatiza usingizi, sista kacheka mpaka kufuta machozi. Watano bado.

Nimefungua mpango wa kuhama. Mshauri anataka barua pepe ya Mkurugenzi itangulie. Nimeishusha. Juu kabisa nimeandika: majina ya waliokosa dawa. Pembeni kuna nafasi ya jina la mwenyewe. Nikamuuliza Babu Waya niandike nani. Kanitajia jina la mdogo wake, herufi kwa herufi, nisikosee.

Nimeandika.

Asilimia sitini na mbili. Sista kapiga tena, simu sikioni, kainua kidole tunyamaze. Inaita —