Alama Nyekundu Kwenye Grafu Yangu

Shoga, nimetoka ukumbini sasa hivi, nina hasira hizo!

Yule profesa wangu kaonyesha grafu YANGU mbele ya watu wote. Eti "nimegundua" chembe za upepo wa jua, zile jua linazozirusha angani, zinapata joto ghafla kila baada ya saa sita.

NIMEGUNDUA! Jina langu halipo popote!

Na zile alama zangu nyekundu kazifuta, eti zinachafua picha.

Mama mmoja mtafiti akauliza, "Saa sita kamili? Kwani jua linavaa saa?"

Jiprofesa langu likanigeukia: "Msaidizi wangu ataeleza."

Nikasimama. Nikasema hilo si joto, ni kosa la kipimo linalotokea kila saa sita, satelaiti inayopima inapojirekebisha huko angani. Ndiyo maana niliweka alama nyekundu hapo.

"Alama zipi?" akauliza yule mama.

Nikamjibu, "Muulize mgunduzi."