Jina la Mama Mkwe, Jina la Mtoto wa Staa

Emali, Ijumaa alasiri. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi la barabarani limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nimefagia nyumba mara tatu. Mtoto amelala, lakini mimi nikikaa dakika mbili nasimama tena.

Mama mkwe wangu anafika kesho kutoka Nuu kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Na anakuja na swali.

Mtoto ana wiki tatu. Anaitwa Syokau, jina la huyo huyo mama mkwe, vile sisi Wakamba hufanya kwa msichana wa kwanza. Musyoki, mume wangu, hata hamwiti kwa jina. Akirudi kutoka gereji anauliza, "Mwaitu ameamka?" Yaani mama yangu. Mtu mzima na ndevu zake anamwita mtoto wa wiki tatu mama, na ole wako ucheke.

Hapo hakuna shida. Shida ni kwamba kuna Syokau mwingine. Miezi michache iliyopita, mwigizaji mmoja wa Nairobi ambaye kila mtu anamfuata kwa simu alizaa msichana, akamwita Syokau. Siku mbili tu jina likawa kila mahali. Huyo mtoto ana ukurasa wake, anatangaza nepi, anakatiwa keki kila mwezi. Wasichana wangu wa saluni walikuwa wanasuka wateja huku wanasema Syokau hivi, Syokau vile, mchana kutwa.

Kwa hivyo nilipojifungua, watu wakasema nimeiga. Jumatatu mteja wangu mmoja aliniletea uji kwa thamosi, akamfunua mtoto akamwangalia, akasema, "Kwani ulikuwa unangoja staa azae ndio upate jina?" Tukacheka. Mimi nilicheka kumshinda.

Maneno hayakuchukua muda kufika Nuu. Juzi, akina mama walipotoka kwa maombi kanisani, mmoja wao alimwonyesha mama mkwe picha ya mtoto wa staa kwenye simu na kumwambia, huyu ndiye mjukuu wako ameitiwa, si wewe. Mama hakubishana na mtu. Alifika nyumbani akampigia Musyoki. Hakunipigia mimi.

"Kuna ile mbuzi niliweka ya mwenye jina langu," alisema. "Sasa niambie, ni yake ama si yake?"

Musyoki alikuwa ameweka simu kwa spika. Alicheka, akamwambia hayo ni maneno ya watu, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliomba hilo jina. Akasema hivyo akiniangalia kwa fahari kabisa. Nilikuwa nakunja nguo za mtoto, nikaendelea kukunja.

Kwa sababu maneno ya watu ni ya kweli.

Sentensi hiyo nimeiandika, nikaifuta, nikairudisha. Nyinyi mnaosoma hapa hamnijui, basi wacha niseme yote. Mimba ikiwa ya miezi mitano, Musyoki aliniambia akiwa msichana tutamwita jina la mama yake. Nilikataa. Nilikuwa na majina yangu, nimeyaandika nyuma ya kitabu cha kliniki, majina matamu ya kuandikwa kwa keki. Nikamwambia Syokau liwe la katikati huko, lisionekane. Na kwa vile mdomo wangu haujui kunyamaza, nikaongeza kwamba Syokau ni jina la kuitwa ukiwa na mtungi wa maji mgongoni. Musyoki alimaliza chakula chake, akaosha sahani, akatoka nje. Hatukuongea juu ya jina tena.

Kisha staa akazaa. Wiki hiyo hiyo nikamwambia Musyoki, kwa sauti ya upole, kwamba nimefikiria sana na ningependa jina la mama. Alifurahi hadi nikaona aibu. Akampigia mama yake papo hapo, na mama akaomba kwa simu, akaniombea mimi kwa jina langu, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto wake mke mwenye heshima. Siku hiyo ndipo alipoitenga ile mbuzi. Tangu hapo amekuwa akinitumia ndengu na kuku, na mimi nakula.

Nimekula heshima isiyo yangu miezi hii yote. Inanikera. Jana nilimfokea Musyoki bure kwa sababu ya kijiko.

Leo asubuhi nilikuwa namwogesha mtoto, nikakumbuka kitu ambacho sijui nilikuwa nimekificha wapi. Nilipopelekwa Nuu mara ya kwanza nikiwa bibi arusi, mto ulikuwa mchanga mtupu. Maji ni ya kuchimba kwenye mchanga, uchote kidogo kidogo, ubebe mgongoni kupanda mlima. Mama mkwe hakuniacha nibebe hata siku moja. Alisema mgongo wangu ni wa mjini, nitazoea polepole. Wiki nzima alienda yeye, kamba kwenye paji la uso, akarudi ameinama, akanipashia moto, akaniwekea beseni nyuma ya nyumba. Nilikuwa naoga maji mengi sana.

Ule mtungi niliocheka ulikuwa na maji yangu ya kuoga.

Nimelia nikimwogesha, mtoto ananitazama tu.

Basi nimeamua. Ningeweza kunyamaza, Musyoki ameshanisafishia njia, na mbuzi angeletwa. Lakini sitaki amshike mtoto kwa furaha niliyomdanganyia. Kesho akifika nitampokea mzigo, nimpashie maji aoge atoe vumbi. Akishakaa, kabla sijamwekea mtoto mikononi, nitamwambia nililikataa jina lake, na nitamwambia kwa nini. Akikasirika, akasirike nikiwa hapo. Mbuzi abaki Nuu kama ataona hivyo.

Kitu kimoja kinanitetemesha kuliko vyote. Mke hamwiti mama mkwe kwa jina, kwetu ni kukosa adabu. Miaka minne ya ndoa sijawahi kulitamka mbele yake. Kesho nitalitamka mara ya kwanza, na itakuwa ni kumwambia kwamba nililionea haya.