Nkoyo Hakuliliwa

Ufukwe wa Mafuta,
Calabar,
9 Agosti 1937

Mpendwa shemeji Otu,

Habari za huko Fernando Po? Mgongo wako vipi, shamba la kakao la huyo Mspanyola limekuachia nguvu? Mimi mwilini ni mzima. Bado nabingirisha mapipa ya mawese gatini.

Kaa chini kwanza. Dada yako Nkoyo amefariki. Homa, siku nne tu. Ni wiki ya saba sasa. Nimechelewa kuandika, na sababu ni hii.

Etubom wetu, mkuu wa nyumba ya ukoo wetu, alikata roho siku moja kabla yake. Desturi unaijua. Mkubwa hafi mpaka wazee wa chama cha Ekpe waseme amekufa. Mpaka hapo "anaumwa kidogo", nyumba nyingine zisije zikaanza kunyemelea kiti. Hakuna ngoma, hakuna kilio, hakuna msiba wowote uani.

Nkoyo alipokata roho nikasahau. Nikapiga yowe. Kabla sijavuta pumzi, Edem yule mpiga kengele wa Ekpe yuko mlangoni.

"Effiom, unamlilia nani?"

"Mke wangu."

"Majirani watajuaje ni mkeo? Watasema mkubwa kaondoka."

"Sasa nifanyeje, Edem?"

"Lia kama mtu anayekunywa supu ya moto. Ndani kwa ndani."

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, shemeji. Tukamzika nyuma ya jiko, wanaume wanne, bila mwanamke hata mmoja wa kumwimbia. Na yeye ndiye aliyelilia wafu wa mtaa mzima mpaka sauti ikamkauka. Watu wakiniuliza yuko wapi, nasema kaenda kwao Creek Town.

Wiki iliyopita Ekpe wakatangaza. Ukapigwa ule mzinga mkuukuu, ambao manahodha wa meli walimpa babu yake Etubom enzi biashara ya mawese ilipoanza. Mji mzima ukalia. Mimi nikaanguka njiani nikalia mpaka nikatapika. Wazee wakasema, "Mtazameni kuli huyu anavyompenda mkubwa wake." Wakanipa kitambaa kizuri mbele ya watu. Nikapokea. 

Nimekitandika juu ya kaburi la Nkoyo. Mvua inakinyeshea.

Kiti bado wanakigombea. Mimi sina habari nacho.

Nina ombi moja. Hapa msiba wa Etubom utakwenda mwaka mzima, wa Nkoyo hauna nafasi. Huko hakuna wa kukuziba mdomo. Toka nje mchana, watu wakiwepo, umlilie kwa sauti. Wakikuuliza unamlilia nani, waambie jina lake.

Nisalimie mkeo Afiong na mzee Ansa. Mungu awakinge na homa zote za huko.

Ndimi shemeji yako, nakupenda kama alivyokupenda yeye,

Effiom