Ukuta Usioguswa

Jumatatu, 6 Agosti 1979
Maji, moto, uji wa mamamkwe. Kisha kufunga nyasi. Mafungu yanatosha kuezeka upya nyumba nzima kabla ya mvua, paa la zamani limeoza.
Mume wangu, Baba Asende, amerudi kutoka Uvira kwa lori, anacheka peke yake. Mahakama imepokea mashtaka yetu. Imeamuru barabara ya soko jipya, inayotaka kupita kwetu, isimame, nyumba isiguswe hadi hukumu. Majirani walipewa viwanja vingine, wakanyamaza. Mume wangu hapana. Nyumba ilijengwa na baba yake. Namwonea fahari.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimepandisha fungu la kwanza kwenye paa. Karani wa zone, ofisi ya serikali ya hapa, akapita, akatikisa kidole. "Ile karatasi ya mahakama inasema muntu asiguse nyumba. Na we pia, mama." Nilidhani mzaha. Baba Asende amenishusha mwenyewe. Eti tukigusa, kesi imekufa. Nyasi ziko jikoni.

Jumamosi, 15 Septemba
Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Mji mzima wa Baraka umebeba mawe ya barabara, hata sisi tunaoipinga. Barabara inafika ukutani kwetu, inakoma. Wauza samaki wanazunguka uani na mabeseni yao, wanatutukana bila kushusha sauti.
Kesi imeahirishwa. Jaji yuko Bukavu.

Jumatano, 10 Oktoba
Imeahirishwa tena. Safari hii eti muhuri wa mahakama haupo.
Ndani kunanyesha kuliko nje. Matofali mabichi yanalainika kama ugali. Mamamkwe hatembei, namburuta na kitanda chake pembe hadi pembe. Nimeomba nimpeleke Lubondja kwa dada yangu, kuna paa la mabati. Baba Asende kakataa. Nyumba ikiwa tupu, watasema tumehama. Namchukia.
Mamamkwe kacheka mpaka akakohoa. "Uniache, mwanangu. Mi ndiyo kesi yenyewe. Nikitoka, munashindwa."

Alhamisi, 8 Novemba
Nilikuwa ziwani nachota maji. Ukuta wa nyuma umemwangukia mamamkwe kitandani. Tumemfukua kwa mikono.

Jumapili, 11 Novemba
Tulimzika jana. Waombolezaji wamekalia nyasi zangu. Wauza samaki walilia vizuri kuliko wote. Leo wanapita moja kwa moja pale ukuta ulipokuwa, njia imekuwa fupi.
Karani naye kaja kutoa pole. Akauliza kama kuna aliyegusa matofali.
Baba Asende hajalia. Anasema kesi bado.

Jumanne, 22 Januari 1980
Hukumu imefika. Tumeshinda. Ni marufuku kwa yeyote kubomoa nyumba yetu.
Baba Asende kaisoma kwa sauti, amesimama juu ya kifusi cha nyumba nzima, kavaa viatu vya ibada. Akaikunja, akaitia mfukoni. "Sasa tunaweza ezeka," akasema.
Nikatazama juu. Mawingu tu.
Nimefunga sufuria mbili na blanketi. Lori la Lubondja linaondoka asubuhi. Nyasi nimemwachia.