Gogo la Mjohoro na Baiskeli ya Shemeji

Baba Neema, mume wangu,

Arobaini yako imepita na bado kuna watu wananiuliza ni gogo gani lililokuua. Nimechoka kueleza kwamba ilikuwa homa. Hata mimi inaniudhi. Mtu aliyenivalisha suruali mbili za jinzi na gambuti juani akinifundisha kukata magogo, kijiji kizima cha Chanzuru kikicheka, mtu asiyewasha msumeno wa mashine kabla ya kulizunguka gogo na kulisukuma kwa mguu, anaondolewa na homa ya siku nne akiwa kitandani. Nakulaumu, na sioni aibu kukulaumu.

Sasa nikupe habari. Wale wenye nyumba ya wageni Mikumi wamekuja tena. Wanataka vigoda vya magogo pamoja na magome yake, maana wageni wao wanapenda kukalia kitu kinachofanana na mti. Nikakubali. Kaka yako wa Kimamba aliposikia, akaja Jumamosi asubuhi na baiskeli yake kuchukua ile mashine yako ya kukatia. Alisema nitajikata miguu, na watoto atawalea nani. Nikamwomba anitazame nikikata gogo moja tu. Nikishindwa, aondoke nayo.

Ni ule mjohoro ulioangushwa na upepo kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Nikauwekea mawe ya kuuzuia, nikasimama upande wa juu kama ulivyonifundisha, nikawasha mashine. Kaka yako akaegemeza baiskeli upande wa chini, akaweka kiti hapohapo, akakaa. Nikamwambia, "Shemeji, naomba usogee huku juu."

"Mke wa mdogo wangu anisogeze mimi? Kata."

Kelele zako zikanijia kichwani: chini pakiwa na mtu hakuna kukata, hata awe askofu. Nikazima mashine, nikakaa kwenye majani. Naye akakaa. Jua likapanda. Kila dakika niliyokaa, Baba Neema, ilionekana kama nimeshindwa. Ndipo nikamwambia Neema alete chai na chapati, aziweke kule juu, mlangoni mwa jiko. Kaka yako unamjua kwa chapati. Alijivutavuta kidogo, kisha akapanda. Baiskeli akakataa isiguswe.

Nikakata. Kipande cha kwanza kilipoachana na gogo, kikaruka jiwe nililokiwekea, kikabiringika, kikakilalia kiti, kikamalizia na baiskeli. Gurudumu la mbele likakunjika kama ile chapati aliyokuwa ameishika. Akaacha kutafuna. Kisha akasema taratibu, "Kweli mdogo wangu alikufundisha." Akarudi Kimamba kwa bodaboda, baiskeli mapajani. Mashine ikabaki.

Tangu hapo huja kila Jumamosi. Hakati chochote. Husimama kule juu akifukuza majirani wasikaribie, kwa sauti inayofanana kabisa na yako. Juzi sauti hiyo ilinikuta katikati ya kukata, nikageuka nikidhani ni wewe. Macho yakajaa machozi, mnyororo wa msumeno ukiwa bado unazunguka. Niliogopa sana.

Basi pumzika, fundi wangu. Ninakuahidi kitu kimoja. Nikikukumbuka nikiwa kazini, nitazima mashine kwanza, nitaiweka chini, ndipo nilie.

Mkeo,
Mama Neema